Blanketi la Mama Elinami

Siku ambayo kumbukumbu yake hainiachi, mwanangu, ilikuwa ya mwezi wa pili, kiangazi kimekaza, vumbi la Kikatiti limepanda mpaka kwenye majani ya migomba. Nilikuwa na umri kama wako na kiburi kama chako. Usikunje uso. Jana nilikuona ukichomoa memori kwenye kompyuta ya watu, umevaa lile jaketi lako la manyoya, umesimama juu ya zulia, na mkanda wa mkononi unaning'inia msumarini palepale nilipouweka asubuhi. Nikakuuliza kwa nini hukuuvaa. Ukanijibu, "Mzee, mbona imewaka?"

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hafundishi, anabweka tu. Leo imepoa. Weka simu mfukoni, vuta kiti, unisikilize. Maneno hayo, mbona imewaka, niliyasema mimi kabla hujazaliwa. Ningependa kukuambia kuwa yalinigharimu, lakini nitakuwa nadanganya kwa mara nyingine. Gharama aliibeba mtu mwingine.

Nilijifunza kazi kwa Fundi Aminieli, Mchaga wa Machame, aliyekuwa na duka dogo nyuma ya soko kuu pale Arusha mjini. Kompyuta zilikuwa bado chache. Nyingi zilitoka kwenye ofisi za utalii na za kanisa, na mtu akileta yake huileta imefunikwa kanga, akaikabidhi kwa mikono miwili. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache na sala ndefu. Nje ya dirisha lake alikuwa amepigilia nondo ardhini, na kutoka kwenye nondo ile waya uliingia ndani mpaka mezani, ukaishia kwenye mkanda aliojifunga mkononi kila aliposhika bodi, lile bamba la ndani lenye chipu. Kiangazi aliimwagilia nondo ile maji kila asubuhi ili udongo wake usikauke. Wapita njia walimcheka waziwazi, na sisi wanafunzi wake tulimcheka kwa siri. Tulimwita mkulima wa vyuma.

Alitufundisha kwamba mwili wa mtu hukusanya umeme bila mwenyewe kujua. Unatembea, nguo zinasuguana, unainuka kwenye kiti, nao unaongezeka, hasa hewa ikiwa kavu. Vitabu vinauita umeme tuli. Mtu hausikii mpaka uwe mwingi, ndipo anapata kale kamchomo kidoleni akishika kitasa cha chuma. Lakini chipu huumia hata kwa ule mdogo usioweza kuusikia kabisa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema, akizinyooshea kidole sweta zetu za mtumba, na kwa kazi yetu methali hiyo ilikuwa kweli tupu.

Ubaya wake ni kwamba bodi iliyopigwa haitoi moshi ukauona. Nyingine hufa papo hapo, na hiyo ni heri, maana unajua moja. Nyingine hupata jeraha dogo kuliko ncha ya sindano, ikaendelea kufanya kazi, ikakupa taa ya kijani, ukapokea asante za watu ukaenda zako. Inaugua kimyakimya. Kisha siku moja inakata, na wakati huo wewe uko mbali, unakula chakula chako.

Sheria za Fundi ndizo hizi ninazokupigia kelele kila siku. Vaa mkanda kabla ya kugusa kitu, umeme wako uteremke ardhini kwa waya. Bodi ikae ndani ya mfuko wake unaong'aa mpaka dakika ya kuifunga, ishike kwenye kingo, usiilaze juu ya kitambaa wala nailoni. Na ya mwisho, ambayo sisi vijana tuliiona ya kujazia tu: ukiwa na shaka, sema.

Sasa nikupeleke kwa Mama Elinami. Alikuwa mjane mwenye shamba la kahawa na migomba juu ya Kikatiti, upande wa mlimani, hatua chache kutoka kwetu. Mama yangu alipofariki, huyu ndiye aliyeniletea loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando siku saba mfululizo, akakaa kando mpaka nimalize bakuli. Kwa hiyo nikisema nilimheshimu, elewa ni heshima ya namna gani. Miaka mingi ya moshi wa kuni ilikuwa imemharibu mapafu. Alikuwa akisema maneno matatu, anapumzika, anasema mengine matatu. Marafiki wa usharika kutoka ng'ambo walimletea mashine ya oksijeni, kimo chake kama kabati la kando ya kitanda. Ilivuta hewa ya chumbani, ikaichuja, ikampelekea oksijeni kwa mpira mwembamba puani. Ndani yake kulikuwa na bodi, ndiyo kompyuta ya mashine ile, iliyoamuru kila kitu, hata kengele ya hatari.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi na nguvu kupita kiasi, bodi ikaungua. Wale marafiki wakatuma nyingine, moja tu. Wakati wa kuingoja, Elinami, binti pekee wa yule mama, aliyekuwa karani pale Makumira, aliazima mtungi mkubwa wa oksijeni hospitalini ili mama yake asikose pumzi. Bodi ilipofika, akaileta dukani kwetu. Fundi Aminieli mguu ulikuwa umeanza kumsumbua kwenye vilima, akanituma mimi, mtoto wa kulekule. Alinipa mkanda, waya mrefu na kipande cha nondo.

"Pigilia nje ya dirisha lao," akaniambia. "Mwagia maji. Usione aibu."

Alikuwa ananijua vizuri, yule mzee.

Nilifika asubuhi, jua limeshakuwa kali. Mama Elinami alikuwa ameketi kitandani, mtungi pembeni yake. Mzee Zakaria, shemeji yake, yaani ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa kwenye kiti mlangoni, amekuja kuangalia utaalamu. Elinami alikuwa kazini.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," mama akaitikia. "Karibu. Mashine yangu... ndiyo hiyo."

Nikapigilia nondo, nikamwagia maji, nikapitisha waya dirishani, nikajifunga mkanda. Mpaka hapo nilikuwa mwanafunzi mwema. Mzee Zakaria akaufuata ule waya kwa macho, kutoka nondoni mpaka mkononi mwangu, akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa wewe umefungwa kamba kama mbuzi wa kipaimara," akasema. "Fundi gani huyu anafungwa asitoroke?"

Mama Elinami naye akatabasamu, na siku hizo kutabasamu kwake kulikuwa adimu. Nikacheka pamoja nao. Nikaufungua ule mkanda, nikauweka dirishani, nikajiambia nitauvaa tena nikianza kazi yenyewe. Aibu ndogo hivyo, mwanangu. Hata ukiisimulia leo, mtu hawezi kuamini kuwa ilitosha.

Palikuwa na meza ndogo ya mbao. Nilipotaka kuweka mfuko wa bodi juu yake, mama akaninyooshea mkono ningoje, kisha akamwonyesha shemeji yake sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Mzee akatoa blanketi. Mila yetu unaijua: watu wakileta mahari, blanketi la mama halikosi. Hilo lilikuwa la mahari ya Elinami, jekundu, zito, la nyuzi za kiwandani, lenye picha ya chui aliyelala, na lilikuwa halijatumika hata siku moja. Blanketi la namna hiyo mtu hajifuniki ovyo. Linatunzwa. Yeye akataka litandikwe mezani.

"Hiyo ni pumzi yangu," akasema. "Isilale kwenye mbao... kama sufuria."

Hapa ndipo ninapotaka usikie vizuri, kwa sababu watu nikiwasimulia huanza kunitafutia udhuru. Nilijua. Katika hewa kavu kama ile, hakuna kitu chumbani mle kilichokuwa kibaya kwa bodi kuliko blanketi lile, na Fundi alikuwa amenionyesha kwa macho yangu, akisugua kitana kwenye sweta hadi vipande vya karatasi vikakirukia. Maneno ya kusema yalikuwa mepesi: mama, kazi hii haitaki kitambaa, naomba meza tupu. Angeelewa. Lakini nikajiuliza, mkono uliokulisha ukikutandikia kitu chake cha thamani, unaukataza vipi? Wahenga wamesema heshima si utumwa. Mimi siku ile nilikuwa mtumwa, tena wa kujitakia.

Nikalitandika. Nikaitoa bodi mfukoni nikailaza juu ya yule chui. Nikafungua mashine kwa bisibisi, nikatoa bodi iliyoungua, nikageuka kuchukua mpya. Blanketi lilikuwa linateleza, likataka kuanguka na bodi juu yake. Nikalivuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikaidaka bodi. Ikalia ta, sauti ndogo sana, na kidole kikachomwa. Mkanda ulikuwa dirishani, hatua mbili kutoka niliposimama.

Nikainua macho. Hakuna aliyesikia. Mzee Zakaria alikuwa akieleza habari za mibuni yake. Mama Elinami alikuwa ananitazama mikono, ametulia kabisa, anaamini.

Nikafunga bodi, nikawasha. Taa ya kijani ikawaka, mashine ikavuma, oksijeni ikatoka. Mama akavaa mpira puani, akakaa kidogo, kisha akasema maneno yote kwa pumzi moja: "Mungu akubariki wewe na tumbo lililokuzaa." Nami nikajiambia moyoni, mbona imewaka?

Niliporudi mjini, Fundi alikuwa ananisubiri.

"Ulivaa mkanda?"

"Nilivaa."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, fundi."

"Hukusikia mchomo wowote?"

"Hapana."

Mara tatu, hesabu mwenyewe, na jogoo hakuwika. Fundi akaitikia kwa kichwa. Akasema basi, mpigie Elinami, mwambie mashine ni nzima, mtungi wa hospitali aurudishe, kuna wagonjwa wengine wanaungoja. Nikapiga simu mimi, kwa mdomo wangu huu. Kesho yake mtungi ukarudi hospitalini.

Kama ningesema kweli, Fundi alikuwa na utaratibu wake. Bodi yenye shaka huwekewa akiba. Mtungi ungebaki kando ya kitanda, barua ingeandikwa kwa wale marafiki watume bodi nyingine, na mimi ningekaripiwa mbele ya wenzangu, pengine ningefukuzwa. Hayo ndiyo niliyoyakwepa.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa nzuri, na wema wake ndio unaoniuma mpaka leo. Jumapili moja nilipita nikamkuta amekaa barazani, mpira mrefu umetokea mlangoni, anawaelekeza watu namna ya kupogoa kahawa, na anawagombeza. Sauti yake ilikuwa imerudi. Akanikaribisha loshoro. Nikala, nikashiba, nikaaga.

Kisha masika yakaingia kwa fujo. Asubuhi moja ya wiki ya nne, Elinami ameshaondoka kwenda kazini, mashine ikanyamaza. Kengele haikulia, kwa kuwa bodi ileile ndiyo iliyokuwa ikiiamuru. Mzee Zakaria alikuwa jikoni akichemsha chai. Alipoingia chumbani alimkuta shemeji yake ameukamata mpira kwa mikono miwili, midomo imebadilika rangi. Akaangalia umeme, upo, taa ya chumbani inawaka. Akapiga swichi, akapiga tena, akaigonga mashine kwa kiganja. Hakujua la kufanya zaidi, na nani angejua? Akaita majirani.

Gari lisingeweza kupanda kwenye tope lile. Wakamtia mama ndani ya lile blanketi jekundu, watu wanne wakashika pembe, wakateremka naye kwenye migomba, mvua inanyesha. Waliteleza mara mbili. Barabara ya lami walikuwa wameshaiona, na pikapu ya jirani imeshasimama inawangoja, alipokata roho.

Mzee Zakaria ndiye aliyenisimulia, akinishika bega, akidhani ananifariji. "Alikuwa na tumaini mpaka mwisho," akaniambia. "Alikuwa anasema, mwiteni yule kijana, yeye anaijua."

Tulimzika kando ya mume wake. Baada ya maziko, ulipofika wakati wa neno la shukrani, Elinami alisimama. Akawashukuru wachungaji, kwaya, majirani walioteleza kwenye tope. Kisha akaniita mbele. Akasema mama yake alipata wiki tatu za kupumua kwa raha kwa sababu ya mikono ya kijana huyu, na kwamba mama mwenyewe, akiwa mzima barazani pake, alikuwa amesema siku yake ikifika blanketi lake nipewe mimi. Lilikuwa limefuliwa na kukunjwa. Akalikunjua akanivisha mabegani mbele ya watu wote, kama tunavyomvisha mtu wa heshima. Nilitazama chini, nikaona kwenye pindo doa la tope ambalo sabuni haikulitoa.

Watu walinipongeza. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na nafasi, na watu walikuwa kimya wakingoja nitoe neno. Nikasema asante.

Kesho yake mashine ikaletwa dukani. Fundi Aminieli akaifungua, akaitoa bodi, akavaa mkanda wake kama kawaida, ingawa bodi ilikuwa imekufa. Akaitazama kwa kioo cha kukuzia upande mmoja, akaigeuza, akatazama wa pili. Haikuwa na alama. Hapakuwa na weusi wala harufu. Hakuna fundi ambaye angeweza kunishtaki kwa bodi ile. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na blanketi mkononi, maana nilikuwa nimeshindwa kuliacha nyumbani na nimeshindwa kujifunika.

"Nitakuuliza mara moja tu," akasema bila kugeuka. "Ulivaa mkanda?"

Nikamweleza yote. Mbuzi wa kipaimara, meza, chui, ile sauti, ule mchomo. Nililia, lakini machozi hayo usiyahesabu, majuto ni mjukuu na wangu alikuja amechelewa. Fundi alisubiri nimalize, akaketi, akanyoosha mguu wake mbovu.

"Mkono wako ulikosea," akasema. "Hilo nakusamehe. Mimi nimeua bodi nyingi kuliko ulizowahi kushika. Tena huenda hii ilikuja mbovu tangu kwao, hatutajua kamwe. Lakini mtungi, mwanangu. Mtungi hauna bodi. Mtungi unafunguliwa kwa mkono, na Zakaria anajua kuufungua."

Nikalishika blanketi kwa mikono yote miwili.

"Nenda ukamwambie Elinami," akasema.

"Nitaenda, fundi."

Hakunifukuza. Mara nyingi nimetamani angenifukuza, ningemchukia yeye nikapumzika kujichukia. Alichofanya ni kunikabidhi ndoo. Tangu siku hiyo, kumwagilia nondo ikawa kazi yangu, kila asubuhi, kiangazi na masika, hata udongo ukiwa umelowa. Nilifanya hivyo mpaka siku alipofariki yeye mwenyewe, na hakuna aliyenicheka, maana nadhani sura yangu ilikuwa haichekeki.

Ile "nitaenda" yangu ilichukua miaka kumi na mmoja. Mwaka huu mavuno, mwaka ule harusi, mwingine nimezaa mtoto, mwingine nimesikia Elinami anaumwa, si vizuri kumpelekea habari nzito. Udhuru, mwanangu, hauishi kama magugu shambani. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kiliniumbua mbele ya nafsi yangu tu, na watu wengine wote waliendelea kunisifu kuwa fundi mzuri. Hakuna sifa chungu kama hiyo.

Hatimaye nilikwenda, Jumamosi moja mchana, nyumbani kwake Usa River. Nilikuwa nimelitia lile blanketi kwenye mfuko mkubwa. Akanikaribisha kwa furaha, akanimiminia chai, akauliza watoto. Nikamwambia nina neno. Nikalisema lote, sikujipunguzia. Alisikiliza na kikombe mkononi, hajanywa.

"Ile siku uliyonipigia simu ya mtungi," akauliza, "ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa najua."

Akakiweka kikombe chini.

"Blanketi unalo?"

"Ninalo. Nimekuja nalo, nataka kulirudisha."

"Hapana," akasema. "Kaa nalo."

Akainuka akaingia ndani. Nilisubiri, hakutoka. Nikachukua mfuko wangu nikaondoka. Tangu siku hiyo kanisani ananipa mkono kama anavyowapa wengine, na mimi nainamisha kichwa. Hatujasema zaidi ya salamu.

Mwezi uliopita uliniuliza kuna nini kwenye lile sanduku chini ya meza ya duka, kwa nini silifungui. Sasa umejua. Baridi ya mwezi wa saba ya mlima huu unaijua, inaingia mpaka kwenye meno, lakini sijawahi kujifunika blanketi lile. Hulitoa kila mwaka masika yakianza, nalianika, nalikunja, nalirudisha. Doa la tope bado lipo.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na sitaipamba. Vaa mkanda hata wakicheka, hata anayecheka akiwa babu yako. Vua hilo jaketi ukiingia dukani. Mama yeyote akikutandikia kitambaa, mshukuru, mbusu mkono ukitaka, kisha mwombe meza tupu. Atakuheshimu zaidi kesho kuliko leo. Taa ya kijani isikupumbaze, inakuambia habari za dakika hii tu. Na ukisikia ile ta, au hata ukihisi kuwa ungeweza kuisikia, sema siku hiyohiyo, kwa mwenye kitu, kwa sauti. Kusema nimeharibu kunauma kwa siku mbili. Nimelibeba la kutokusema kwa umri wako wote, na halijapungua uzito.

Kompyuta uliyoigusa jana ni ya yule dada wa Olmotonyi, wa chuo cha misitu. Utafiti wake wa miaka miwili umo mle, aliniambia mwenyewe akiileta. Labda memori yake haikudhurika. Labda ina jeraha, na siku moja itamharibia faili moja baada ya nyingine bila yeye kuona. Mimi sijui, wewe hujui, na kioo cha kukuzia hakitatuambia.

Inamisha kichwa nikuombee. Mungu wa baba zetu akupe mikono mitulivu na masikio makali. Akunyime sifa usiyostahili, na akikupa kosa, akupe na mdomo wa kulisema kabla jua halijazama. Asikuvishe kamwe blanketi la mtu mbele za watu huku ukiwa kimya. Amina.

Sasa toa simu mfukoni. Mpigie yule dada, umwambie ahifadhi kazi yake mahali pengine leo hii, na umwambie ni kwa nini. Nitakaa hapa mpaka umalize.